Maswali Yenu: Utani wa Shakespeare Uko Wapi?

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: William Shakespeare (1564–1616), na hasa kile kinachoguswa kidogo sana darasani, ucheshi wake. Mistari iliyonukuliwa hapa tumeifasiri wenyewe.

Ndugu Mhariri, shuleni tulisoma Juliasi Kaizari na mtihani nikafaulu vizuri tu. Sasa nasikia watu wanasema Shakespeare anachekesha. Mimi nilikutana na visu, hotuba na mzimu. Huo ucheshi uko wapi, na nianze na kitabu gani? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yetu, ulipewa tanzia. Wenzake wa jukwaani, John Heminges na Henry Condell, walipokusanya tamthilia zake 36 mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo chake, walizigawa mafungu matatu, na fungu la kwanza kabisa lilikuwa la vichekesho: tamthilia 14. Hilo fungu ndilo hukufunguliwa.

Anza na Twelfth Night, tena usianze ukurasa wa kwanza. Fungua tendo la 1, onyesho la 5. Olivia, bibi tajiri, amefiwa na kaka yake na ameazimia kuomboleza miaka saba. Feste, mchekeshaji wa nyumba hiyo, alikuwa kapotea bila kuaga. Amerudi, bibi kakasirika, anaamuru: mwondoeni huyu mpumbavu. Feste anawageukia watumishi: hamsikii jamani? Mwondoeni bibi. Kisha anaomba ruhusa ya kuthibitisha.

– Bibi mwema, unaomboleza nini?

– Mpumbavu mwema, kifo cha kaka yangu.

– Nadhani roho yake iko motoni, bibi.

– Najua roho yake iko peponi, mpumbavu.

– Basi mpumbavu ni wewe, bibi, unayemlilia kaka ambaye roho yake iko peponi. Mabwana, mwondoeni mpumbavu.

Hapo hakuna neno hata moja la kutafutiwa maana. Mtego wote uko kwenye "motoni". Feste anatamka jambo la kuudhi makusudi, ili Olivia akurupuke kulikanusha na aseme "peponi" kwa kinywa chake. Akishalisema hana pa kurudi. Na chini ya utani kuna jambo zito: mtumishi amemwambia bosi wake kwamba matanga yamezidi kiasi, mbele ya watu, na akabaki na kazi yake. Olivia wala hachukii. Anamuuliza msimamizi wake, Malvolio, kama haoni mchekeshaji ameanza kupata nafuu. Malvolio anajibu kwa dharau. Mshike huyo Malvolio, maana tendo la 2, onyesho la 5, ataokota barua ya kughushi na kuamini kwamba bibi anampenda, na tendo la 3, onyesho la 4, atamtokea Olivia amevaa soksi za njano, rangi ambayo bibi haitaki hata kuiona.

Baada ya hapo rudi mwanzo usome yote. Kisha nenda Much Ado About Nothing, halafu The Merry Wives of Windsor. Love's Labour's Lost iweke mwisho kabisa: utani wake mwingi ni wa kuchezea maneno na mitindo ya wasomi wa wakati ule, na umechacha kuliko wa tamthilia nyingine zote.

Hujambo Mhariri. Nimejaribu. Lakini kila ukurasa nusu ni mistari, nusu ni tanbihi. Nikimaliza kusoma maelezo ya mzaha, hamu ya kucheka imeshaniisha. Nifanyeje? (Msomaji, Nairobi)

Soma onyesho zima kwa sauti mara ya kwanza bila kugusa tanbihi hata moja, hata kama unaelewa nusu. Shika penseli. Kila unapohisi kwamba mmoja amemshinda mwenzake kwa maneno, weka alama pembeni. Mara ya pili soma tanbihi za zile alama peke yake. Ukiona tanbihi inahitaji mistari mitano kukueleza kwa nini watu walicheka, ruka. Hutakosa kitu, na hata waigizaji wa Uingereza huyakata maneno hayo bila aibu.

Sababu ni kwamba utani wa Shakespeare hauzeeki kwa kasi moja. Wa tukio na wa hoja, kama huo wa Feste, haujazeeka. Wa maneno yenye maana mbili hudhoofika matamshi yanapobadilika. Wa habari za mjini hufa pamoja na habari yenyewe. Bawabu wa Makbeth, tendo la 2, onyesho la 3, anayo yote kwa wakati mmoja. Mfalme Duncan ameuawa usiku, lango linagongwa, na bawabu aliyelewa anajifanya bawabu wa jehanamu, anawakaribisha wageni mmoja mmoja. Mmojawapo ni msema maneno ya pande mbili. Mwaka 1606 London ilijua anasemwa nani: kasisi Mjesuiti Henry Garnet, aliyenyongwa Mei mwaka huo kwa kuhusishwa na njama ya Novemba 1605 ya kulipua Bunge kwa baruti, na aliyekuwa ametetea haki ya kuficha ukweli kwa maneno yenye maana mbili. Leo mzaha huo ni somo la historia. Lakini mistari michache mbele Macduff, bwana aliyekuja kumwamsha mfalme, anamuuliza bawabu pombe huchochea mambo gani matatu, naye anajibu: pua kuwa nyekundu, usingizi, na mkojo. Kisha anaongeza la nne, kwamba hamu ya mapenzi pombe huileta na papo hapo huiondolea uwezo. Hilo halihitaji tanbihi Nairobi wala Stratford.

Na tazama mahali lilipowekwa. Mtazamaji anajua maiti iko ndani, Macduff hajui. Kila sentensi ya bawabu inachelewesha ugunduzi, na ndiyo maana kicheko kinatoka kikiwa na wasiwasi.

Je, ni kweli aliandika mwenyewe? (Msomaji, Bujumbura)

Ndiyo. Waliomfahamu walisema hivyo, akiwemo mshindani wake Ben Jonson. Baadhi ya tamthilia aliandika na wenzake: Henry VIII na The Two Noble Kinsmen alishirikiana na John Fletcher.

Bwana Mhariri, salaam. Binti yangu anacheza nafasi ya Beatrice katika Much Ado About Nothing. Mimi nasikia matusi tu baina yake na huyo Benedick. Watu wanaochukiana hivi mbona wanaoana? (Mama msomaji, Mombasa)

Mama, hesabu nani anamtafuta nani. Benedick anarudi kutoka vitani, uwanja umejaa mabwana wakubwa, na mtu wa kwanza kumvaa ni Beatrice: "Nashangaa bado unasema tu, Bwana Benedick, hakuna anayekusikiliza." Kama hakuna anayemsikiliza, yeye amesikiaje? Naye Benedick: "Alaa, Bibi Madharau! Kumbe bado u hai?" Jina hilo ni wazi alikuwa nalo tayari. Kabla hata hajafika, Beatrice ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza habari zake kwa mjumbe, akificha shauku ndani ya kejeli.

Mwambie binti asiseme mistari hiyo kwa chuki. Aiseme kwa raha, kama mwimbaji wa taarabu anayejua aliyepigwa kijembe yumo ukumbini. Chuki ikitangulia, onyesho la bustani ambapo rafiki zake wanamdanganya kwamba Benedick anamfia halitaaminika. Na asikose kubadilika tendo la 4, onyesho la 1. Binamu yake Hero kaaibishwa kanisani na mchumba wake Claudio, Benedick anamuuliza Beatrice amfanyie nini kuthibitisha mapenzi, naye anajibu kwa kifupi: "Muue Claudio." Hadhira ikicheka hapo, mara nyingi ni kwa sababu mwigizaji ameutamka mstari kwa mbio ile ile ya matani. Ausubirie, aushushe sauti.

Mhariri, nafundisha sekondari. Nina wanafunzi 45, kipindi cha dakika 40, hakuna ukumbi. Nataka wacheze Shakespeare wacheke, si kunakili dondoo. Nichague kipande gani, na nikipange vipi? (Mwalimu, Bukoba)

Mwalimu, chagua The Merry Wives of Windsor, tendo la 3, onyesho la 3: Falstaff, bwana anayewatongoza wake za watu wawili kwa mpigo, kwenye tenga la nguo chafu. Tamthilia hii karibu yote ni nathari, kwa hiyo wanafunzi hawatahangaika na mizani. Tena ina rekodi nzuri kwa Kiswahili: mwaka 2012 kundi kutoka Kenya liliicheza kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London, kwenye tamasha lililokusanya tamthilia 37 kwa lugha 37.

Hesabu ya muda kwanza. Jukwaani waigizaji husema takribani mistari 20 kwa dakika, au 1,200 kwa saa. Onyesho hilo lina zaidi ya mistari 200. Likate hadi 120, upate dakika sita za kucheza. Dakika 10 za mwanzo za maelezo na kugawa nafasi, 12 za mazoezi ya vikundi, zinazobaki vikundi viwili vicheze mbele ya wengine. Kikundi kiwe na watu wanane au tisa: Bi. Ford, Bi. Page, Falstaff, Bw. Ford, watumishi wawili wa tenga, marafiki wawili wa Bw. Ford, na mmoja wa kushika kitabu na kukumbusha maneno.

Kukata ndiko kunakoharibu maonyesho mengi ya shule. Watu huanza kukata mwanzo kwa sababu hauchekeshi. Usiguse mwanzo. Bi. Ford anawaagiza watumishi wake: nikiwaita, njooni bila kusita, mbebe tenga hili mabegani, mlipeleke kwenye uwanda wa Datchet, mlimwage kwenye mtaro wa matope kando ya Mto Thames. Bila agizo hilo, hadhira haijui tenga linakwenda wapi, na Falstaff anapoingia ndani yake hakuna cha kusubiri. Kata badala yake sifa ndefu ambazo Falstaff anammwagia Bi. Ford, mbili zinatosha.

Vitu vinne lazima vibaki baada ya hapo. Falstaff kujificha nyuma ya pazia. Bi. Page kuingia akihema na habari kwamba mume anakuja na mji mzima. Falstaff kutoka mbio na kumnong'oneza Bi. Page "Nakupenda, nisaidie nitoke", wakati Bi. Ford, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akiambiwa hayo hayo, yuko hatua mbili tu. Na mwisho, Bw. Ford kukutana na tenga mlangoni. Anauliza linapelekwa wapi. Kwa dobi, wanajibu. Mkewe anamkatiza: tangu lini wewe ukashughulika na mambo ya kufua? Naye, mwenye wivu, aliyekuja kutafuta mwanamume ndani ya nyumba, analiacha lipite na kuanza kupekua vyumba. Wanafunzi wakilishika hilo moja, kipindi kimelipa.

Kuhusu tenga lenyewe: usimwache mtoto abebwe kweli. Tafuta tenga kubwa au sanduku la katoni lisilo na kitako, lenye mishikio pande mbili; Falstaff anajikunja ndani na kutembea kwa miguu yake huku watumishi wawili wakishika mishikio na kuyumba. Mzigo ni uigizaji wao: wachelewe kunyanyua, wakunje magoti, mmoja amtazame mwenzake. Shuka kuukuu na khanga saba au nane juu zinatosha kumfunika, mradi uso ubaki na hewa. Tenga liwepo jukwaani tangu mwanzo, mbele kidogo, lionekane na kila mtu.

Kosa utakaloliona kundi la kwanza ni Falstaff kucheka pamoja na hadhira. Mkataze. Yeye yuko hatarini. Watu hucheka kwa sababu yeye hacheki. La pili ni watoto kusubiri kicheko kiishe kabisa ndipo waseme mstari unaofuata. Waanze kicheko kikianza kushuka.

Kama hata tenga hupati, chukua tendo la 2, onyesho la 1. Wanawake wawili, barua mbili. Wanazilinganisha: ni zile zile, neno kwa neno, majina tu tofauti. Bi. Page anakisia kwamba huyu bwana anazo elfu moja, kaacha nafasi wazi ya kuandika jina. Wanafunzi wako wenye simu hawatahitaji ufafanuzi.

Ndugu Mhariri, niko Muscat, nimesoma Mabepari wa Venisi. Portia alinichekesha, lakini kuhusu Shylock nilijisikia vibaya kucheka. Nimekosea kusoma? (Msomaji, Muscat)

Hujakosea. Portia kwanza: tendo la 1, onyesho la 2, anawapitia wachumba wake mmoja mmoja. Kuhusu yule Mjerumani anasema asubuhi akiwa hajalewa anamchukia sana, na mchana akiwa amelewa anamchukia zaidi. Utani huo ni mwepesi na walengwa hawapo.

Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi, ni habari nyingine. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290 na hawakuruhusiwa kurudi hadi 1656. Kwa hiyo wengi katika hadhira ya Shakespeare walikuwa na picha ya kuambiwa tu, na tamthilia inaitumia picha hiyo. Katika onyesho la mahakama, tendo la 4, Shylock anamsifu hakimu, ambaye ni Portia aliyejibadilisha sura: "Danieli amekuja kuhukumu!" Hukumu ikigeuka, Gratiano, mmoja wa wapinzani wake, anamrudishia maneno hayo hayo, tena na tena, na kumshukuru kwa kumfundisha. Kama mbinu, ni kali sana: silaha ya mtu inatolewa mkononi mwake. Lakini aliyeshindwa ananyang'anywa mali na kulazimishwa kubadili dini huku Gratiano akishangilia, na mwandishi huyo huyo alishampa, tendo la 3, maneno ya kuuliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, hatoki damu akichomwa. Mwandishi hakuondoa hata kimoja. Soma Gratiano polepole, utaona utani wake unazidi kuwa mchafu, na wengine mahakamani hawauungi mkono kwa maneno. Sisi tunaona hapo ndipo panapotakiwa kukuuma.

Je, kwenye Juliasi Kaizari hakuna utani kabisa? Na tafsiri zipi za Kiswahili zipo? Ninajaribu kufasiri mwenyewe, ila mizaha ya maneno inanishinda. (Msomaji, Dar es Salaam)

Tukianza na tafsiri: Mwalimu Nyerere alitoa Juliasi Kaizari mwaka 1963 na kuifanyia masahihisho mwaka 1969, mwaka ule ule uliotoka Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi alifasiri Makbeth (1968) na Tufani (1969). Kwa kucheka, tafuta Tufani (The Tempest), tendo la 2, onyesho la 2: Trinculo anakimbia mvua kwa kujisetiri chini ya vazi la Caliban, mtumwa wa kisiwani, mlevi Stephano anakuja na kuona mnyama mwenye miguu minne na midomo miwili, na anaanza kuunywesha pombe mdomo mmoja baada ya mwingine.

Utani katika Juliasi Kaizari upo, tena mkali. Tendo la 3, onyesho la 2, Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, anahutubia kwa nathari. Antony anafuata kwa ushairi. Ameruhusiwa kusema kwa sharti asiwalaumu wauaji. Anasema Brutus ni mtu mwenye heshima. Mara ya kwanza ni adabu kwa aliyempa ruhusa. Mara ya pili inafuata urafiki wake na Kaizari. Ya tatu inafuata fidia za mateka zilizojaza hazina ya Roma na maskini waliomliza Kaizari. Ya nne inafuata taji alilolikataa mara tatu. Sentensi ni ile ile, ushahidi uliotangulia ndio umeigeuza, na baadaye raia mmoja anaitemea mate "heshima" hiyo mwenyewe. Wasomaji wengi huharibu kwa kuweka kejeli tangu mara ya kwanza. Iseme ya kwanza kwa moyo mweupe, ya pili vivyo hivyo.

Kuhusu mizaha ya maneno, una njia tatu: kutafuta mzaha wa Kiswahili unaofanya kazi ile ile, kuuhamishia sentensi ya jirani, au kuuacha. Usiufasiri kisha ukaueleza. Chukua fundi viatu wa onyesho la kwanza kabisa. Kwa Kiingereza anachezea mlingano wa sauti kati ya soli na roho, ili afisa adhani anajibiwa na mtu wa dini. Kiswahili hakina mlingano huo, lakini kina nyayo. Afisa anauliza: "Kazi yako nini?" Fundi: "Bwana, mimi narekebisha nyayo zilizopotoka." Afisa anakasirika kwa sababu amesikia mahubiri, fundi amesema viatu tu, na ugomvi unaendelea kama Shakespeare alivyoupanga. Mjaribie mtu ambaye hajasoma kitabu, na usimwambie kwamba kuna mzaha unakuja.